Kuyategemea Maongozi ya Mungu Wakati wa Dhiki: Mwongozo Kamili kwa Aliye Bado Shimoni

Mwezi wa Novemba, miaka kadhaa iliyopita, nilitia mkono katika gunia la mahindi niliyokuwa nimeyahifadhi tangu mavuno, na punje nilizozitoa zilikuwa nyepesi kama makapi. Dumuzi walikuwa wamezitoboa zote. Unga mweupe ulinishika hadi kwenye kiwiko, na nilipoinamia gunia nilisikia mchakacho mdogo usiokoma, sauti ya wadudu wanaoendelea kula. Dawa niliyouziwa kwa ajili ya kuhifadhi nafaka ilikuwa bandia. Magunia 22, yaliyokuwa chakula cha nyumba, mbegu ya msimu uliofuata na ada ya shule ya mwanangu, yaligeuka kuwa chakula cha kuku.

Jioni ile jirani yangu alikuja kunipa pole, akaniambia, “Kazi ya Mungu haina makosa.” Nilimwitikia kwa adabu, kwa kuwa alikuwa amekuja kwa moyo mwema na ni mkubwa kwangu kwa umri, lakini baada ya kuondoka niliketi nikijiuliza kama ni Mungu aliyefungasha vumbi lisilo na kazi katika pakiti, akalibandika lebo ya dawa na kunipokea fedha zangu.

Mwongozo huu umetokana na swali lile. Umeandikwa kwa Mkristo aliye katikati ya dhiki, na si kwa yule aliyekwisha kuvuka ng'ambo na sasa anasimulia ushuhuda wake kanisani. Mafundisho ya kanisa hutumia maneno “maongozi ya Mungu” kueleza kwamba Muumba hakuuacha ulimwengu ujiendee wenyewe, bali anautunza na kuuelekeza kwenye kusudi lake, kiasi kwamba hata uovu wa wanadamu, ambao yeye hautendi wala haupendi, hauwezi kulizuia kusudi hilo. Kulikubali fundisho hili darasani ni jambo jepesi. Kuliishi siku ya Jumanne, mwenye deni akiwa mlangoni, ni kazi inayohitaji utaratibu, na utaratibu huo ndio ninaotaka kuueleza.

Nitakifuata kisa cha Yusufu mwana wa Yakobo, aliyetupwa shimoni na ndugu zake, akauzwa utumwani Misri na kufungwa bila kosa, kisha akawa waziri wa Farao, mfalme wa nchi hiyo. Kimo katika kitabu cha Mwanzo kuanzia sura ya 37 hadi ya 50. Ndugu zetu Waislamu nao wanakisoma katika sura ya 12 ya Kurani, yenye aya 111, na rafiki yangu mmoja wa Tanga alinikumbusha siku zile maneno ya Yakobo katika sura hiyo, “subira njema”. Nakiri kwamba maneno hayo mawili yalinifaa kuliko hotuba nyingi nilizozisikia mwezi ule.

Kabla ya hatua ya kwanza: pima kilichoahidiwa

Watu wengi huikata imani yao kwa kuitegemeza juu ya ahadi ambayo haikutolewa. Mstari unaotajwa zaidi katika jambo hili ni Warumi 8:28, na mara nyingi husomwa kana kwamba unasema mambo yote ni mema. Sivyo usemavyo. Unasema kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema. Yaani mambo yenyewe yanaweza kuwa mabaya kweli, na kazi ya kuyatolea mema ni ya Mungu, wala haimo ndani ya mabaya hayo kama dawa iliyofichwa kwenye sumu. Soma pia mstari wa 29 unaofuata, kwa maana huo ndio unaoeleza mema hayo ni yapi: kufananishwa na Mwana wake. Haukutajwa utajiri, wala kazi mpya yenye mshahara mkubwa kuliko ile uliyofukuzwa, wala aibu ya waliokutendea vibaya.

Mambo mengine yanaweza kuongezwa, na mara nyingi huongezwa. Lakini ukiingia katika dhiki huku ukimdai Mungu gunia kwa gunia, utamhesabu kuwa mwongo kabla msimu haujaisha.

Hatua ya kwanza: liite baya kwa jina lake

Chukua karatasi, uandike kwa sentensi moja au mbili jambo lililotokea, bila kulipamba kwa maneno ya dini. “Mwenzangu wa biashara aliondoka na fedha za mauzo ya miezi mitatu.” “Nilipoteza ujauzito wangu wa pili.” “Niliuziwa dawa bandia.” Kama kuna aliyetenda kosa, sema kwamba alitenda kosa. Kama hakuna, sema kwamba hakuna, maana ugonjwa na ukame havina mkosaji wa kuwekwa rumande, na kumtafuta kwa nguvu huishia kwa mganga wa ramli au kwa kumshuku shangazi.

Yusufu alifanya hivyo gerezani. Alipozungumza na mfungwa mwenzake, aliyekuwa mnyweshaji wa Farao, katika Mwanzo 40:15 alisema waziwazi kwamba aliibwa kutoka nchi ya Waebrania, na kwamba huko Misri nako hakutenda neno la kumfanya atiwe shimoni. Hakusema kwamba alikuwa safarini kwa kusudi la Mungu. Na hata alipokuja kutamka lile neno lake mashuhuri mbele ya ndugu zake, katika Mwanzo 50:20, alianza kwa kulitaja kosa: “mlinikusudia mabaya”. Nusu ya pili ya sentensi, ile inayosema Mungu aliyakusudia kuwa mema, haifuti nusu ya kwanza. Makusudi yalikuwa mawili katika tendo lile moja, na ndugu zake hawapewi sifa kwa kusudi lisilokuwa lao.

Kutokufanya hatua hii kuna hatari. Mwanamke anayepigwa nyumbani, akiambiwa kwamba kipigo ni chombo cha Mungu cha kumnyoosha, amefundishwa kumwabudu mpigaji. Baya lisiloitwa baya haliwezi kukomeshwa wala kusamehewa.

Hatua ya pili: lia, na umlilie Mungu mwenyewe

Sura ya 37 ya Mwanzo inaeleza kwamba Yusufu, kijana wa miaka 17, alivuliwa kanzu yake na kutupwa katika shimo tupu lisilo na maji, na kwamba ndugu zake waliketi kula chakula. Kilio chake hakikuandikwa hapo. Tunakisikia kwa mara ya kwanza katika sura ya 42, baada ya miaka ipatayo 20, kwa midomo ya wale wale waliomtupa, wanapokumbushana kwamba waliiona shida ya nafsi yake alipowasihi, nao hawakumsikiliza. Kwa hiyo alilia, tena kwa kusihi, na maandiko hayamlaumu kwa hilo. Ukiendelea kusoma utamkuta akilia tena na tena hata akiwa waziri mwenye mamlaka, na mara nyingine kwa sauti iliyosikika hadi nyumbani mwa Farao.

Kwetu tumelelewa kuamini kwamba mwanamume halii na kwamba Mkristo aliyekomaa husema “Bwana asifiwe” hata moyo ukiwa unachuruzika damu. Malezi hayo si ya Biblia. Zaburi ya 13 inauliza “hata lini” mara nne katika mistari miwili ya kwanza, na Zaburi ya 88 inakwisha gizani bila hata mstari mmoja wa kufarijika. Nyimbo hizo ziliwekwa katika kitabu cha ibada ili ziimbwe na watu wa Mungu wakiwa pamoja, kwa hiyo malalamiko yanayoelekezwa kwa Mungu ni namna ya kumwamini. Anayelalamika mahakamani anakiri kwamba hakimu yupo.

Fanya hivi kwa vitendo. Tenga muda uliowekwa, kama robo saa kabla ya watoto kuamka, usome zaburi moja ya maombolezo kwa sauti, kisha uongeze maneno yako mwenyewe kwa lugha uliyozaliwa nayo, hata kama ibada kanisani mnaifanya kwa Kiswahili. Mimi nilisali kwa lugha ya mama yangu, na nilishangaa kuona ni maneno mangapi ya uchungu sikuwa nayo kwa Kiswahili. Usijilazimishe kumaliza kwa shukrani kila siku. Iko siku itakuja yenyewe.

Hatua ya tatu: fanya lililo mkononi, na uombe msaada bila haya

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kuwa tunadhani kumtegemea Mungu ni kukaa tukingoja. Sura ya 37 ya Mwanzo haimtaji Mungu hata mara moja. Sura ya 39, ambamo Yusufu ni mtumwa na kisha mfungwa, inasema mara nne kwamba BWANA alikuwa pamoja naye, na kila mara maneno hayo yamezungukwa na habari za kazi. Alisimamia nyumba ya Potifa, bwana aliyemnunua. Alisimamia wafungwa. Siku moja aliwaona wafungwa wenzake wawili wamekunja nyuso, akawauliza kwa nini wana huzuni, na swali hilo dogo, la mtu aliyekuwa na kila sababu ya kushughulika na huzuni yake mwenyewe, ndilo lililofungua njia iliyomfikisha mbele ya Farao. Hakujua hivyo alipouliza. Aliona tu nyuso za watu.

Andika orodha fupi ya mambo yanayowezekana wiki hii, yasizidi matano, na kila moja liwe dogo kiasi cha kuweza kukamilika kabla jua halijazama. Orodha yangu ya wiki ile ya Novemba ninayo bado: kupepeta na kuanika mahindi yaliyosalia, kwenda shuleni kumwona mwalimu mkuu na kueleza ukweli kuhusu ada, kuomba kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kiniongezee muda wa marejesho, kumpelekea afisa ugani wa kata pakiti ya ile dawa pamoja na risiti, kumtembelea mama mmoja wa jumuiya yetu aliyekuwa mgonjwa. La mwisho nililiandika bila hamu, kwa sababu mchungaji alisema orodha ya mtu mwenye dhiki isiyo na jina la mtu mwingine humfunga ndani ya nyumba.

Angalia jambo la nne katika orodha hiyo, kwa sababu ndugu mmoja kanisani aliniambia kwamba kuripoti ni kukosa imani, na kwamba ningemwachia Mungu apigane. Nilimjibu kwa Yusufu na mtume Paulo. Yusufu alimwomba mnyweshaji amkumbuke na amtaje kwa Farao ili atolewe gerezani. Paulo alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi aliuliza kama ni halali kumpiga Mrumi pasipo kuhukumiwa, na baadaye akakata rufani kwa Kaisari. Wote wawili waliyaamini maongozi ya Mungu, na wote wawili waliitumia njia halali iliyokuwa mbele yao. Kwa hiyo mgonjwa na aende hospitali na ameze dawa zake, aliyedhulumiwa shamba na aende baraza la ardhi, na anayetishiwa maisha nyumbani na aondoke leo, aende polisi au kwa ndugu wa kumwaminia. Yusufu mwenyewe alimkimbia mke wa Potifa, aliyemtaka alale naye, akaacha vazi lake nyuma. Hakubaki chumbani kusubiri mema yatokee humo.

Jua pia kwamba msaada unaoombwa unaweza kuchelewa vibaya sana. Mnyweshaji aliachiliwa akamsahau Yusufu, na ikapita miaka miwili kamili. Maandiko hayasemi lolote kuhusu miaka hiyo miwili, na mimi nakushauri uwe na wasiwasi na mhubiri yeyote anayejua Yusufu alijifunza nini ndani yake.

Riziki ikirudi, jambo la kufanya linabadilika. Yusufu alipopata mamlaka akiwa na miaka 30, baada ya kumfasiria Farao ndoto ya miaka saba ya shibe na saba ya njaa, hakutegemea ndoto peke yake. Alitenga sehemu moja ya tano ya mavuno kwa miaka ile ya shibe na kuiweka ghalani. Imani yake ilikuwa na vipimo. Mimi tangu mwaka ule natumia mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa pumzi bila dawa yoyote, na kila baada ya mwezi nafungua mfuko mmoja kuchunguza.

Hatua ya nne: usitafsiri mapema

Katika siku za kwanza akili hutafuta maana kwa pupa. “Mungu ananiadhibu kwa lile jambo la zamani.” “Mungu ananiandalia kitu kikubwa.” “Mungu amefunga mlango huu kwa sababu anafungua ule.” Kauli hizi zinaweza kuwa za kweli au za uongo, na kwa kuwa hujui, ziweke kando. Rafiki zake Ayubu, yule aliyepoteza watoto, mali na afya, walikuwa washauri wema kwa siku saba walizokaa naye chini wakiwa kimya; walipoanza kueleza sababu ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu aliwaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake.

Fanya hesabu ya Yusufu uone jinsi tafsiri ilivyokawia. Aliuzwa kwa vipande 20 vya fedha akiwa na miaka 17 au zaidi kidogo. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Miaka saba ya shibe ikapita, na miwili ya njaa, ndipo alipojitambulisha kwa ndugu zake na kusema kwa mara ya kwanza kwamba ni Mungu aliyempeleka mbele yao ili kuokoa maisha. Alikuwa na miaka kama 39. Yakobo akaishi Misri miaka 17, na baada ya kifo chake ndugu wakaingiwa na hofu, ndipo Yusufu akalitamka neno lile la Mwanzo 50:20. Kutoka shimoni hadi kwenye sentensi ile ni karibu miaka 40. Na anayeitamka ni yule aliyetupwa. Ndugu zake hawakuthubutu kusema, “Basi tunashukuru, maana yote yalikwenda vizuri.” Hawakuwa na haki hiyo.

Badala ya kutafsiri, weka kumbukumbu. Nunua daftari la kawaida la shule na upige mstari kila ukurasa ili upate safu tatu. Safu ya kwanza ni ya tarehe na jambo lililotokea. Ya pili ni ya lililofanyika siku hiyo, yaani tendo lako, au msaada uliopokea na jina la aliyeutoa. Safu ya tatu iache wazi. Huruhusiwi kuiandika kabla ya mwaka mmoja kupita, na ukiiandika tumia penseli, kwa maana utabadilisha. Wenye haraka watauona utaratibu huu kuwa wa kizee. Na uwe hivyo.

Andika hasa mambo madogo, kwa sababu ndiyo husahaulika. Kwenye daftari langu, tarehe 3 Desemba, kuna mstari huu: “Mama mjane wa nyumba ya chini amenikopesha madebe mawili ya mbegu. Hakuuliza nitarudisha lini.” Nilikuwa nimeishi karibu naye kwa miaka tisa, na siku ile ilinibidi nimuulize mwanangu jina lake ili niliandike.

Hatua ya tano: samehe, lakini macho yakiwa wazi

Hatua hii ni ya wale ambao dhiki yao ina mkosaji. Kusamehe maana yake ni kuuacha mkono wa kulipiza kisasi, na Yusufu anatoa sababu yake katika Mwanzo 50:19, anapowauliza ndugu zake kama yeye yu badala ya Mungu. Aliyeamini kwamba Mungu anashika usukani anaweza kuacha kuwa hakimu bila kuhisi kwamba haki imekufa. Hapo maongozi ya Mungu yanageuka kuwa nafuu halisi, kwa sababu kisasi ni kazi ya usiku na mchana, na hulipwi.

Lakini kusamehe si kumrudishia mtu funguo za ghala siku hiyo hiyo. Yusufu aliwajaribu ndugu zake kwa muda mrefu. Alimzuia Simeoni, akadai aletwe Benyamini, akaficha kikombe cha fedha katika gunia la mdogo wao, hata Yuda, ambaye zamani ndiye aliyetoa shauri la kumwuza, akasimama na kuomba abaki yeye kuwa mtumwa ili kijana arudi kwa baba yake. Ndipo Yusufu aliposhindwa kujizuia. Aliona kwa macho kwamba watu hawa hawakuwa tena wale walioketi kula kando ya shimo. Kwa hiyo ondoa kisasi sasa hivi, kwa sala, hata kama utalazimika kuirudia kila asubuhi. Urafiki na kuaminiana vingoje matunda ya toba, na kama matunda hayaji, vinaweza visirudi kamwe. Kesi iliyoko mahakamani inaweza kuendelea. Msamaha wako haumfungi hakimu mikono.

Hatua ya sita: mema yakianza kuonekana, yashike kwa unyenyekevu

Mfano wa pwani yetu utasaidia hapa. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza, alifika Mombasa baada ya njia ya kurudi Shoa, huko Uhabeshi (Ethiopia ya leo), kufungwa mbele yake. Shauku yake ilikuwa kuwafikia Waoromo, na pwani ilikuwa kwake mahali pa kupitia tu. Mwezi Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mwezi Julai mkewe Rosine akafa kwa homa, na mtoto wao wa kike, aliyekuwa na siku chache tu, akamfuata. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf akabaki. Mwaka 1846 alianza kituo cha Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Mwaka 1850 ikachapishwa sarufi yake ya Kiswahili, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kazi aliyoitamani kwa Waoromo haikutimia mikononi mwake.

Ninapokisoma kisa cha Yusufu kwa Kiswahili, katika kitabu kile kile ambacho Krapf alianza nacho, naona kwamba mlango uliofungwa Uhabeshi uliniletea mimi kitu. Hilo nathubutu kulisema kwa shukrani. Lakini sithubutu kusema kwamba Rosine alikufa ili sisi tupate kamusi. Tofauti kati ya kauli hizo mbili ni nyembamba kwa kuitazama, na kubwa kwa aliyefiwa. Ya kwanza inasema Mungu hakushindwa na kaburi lile. Ya pili inampangia Mungu bei, mama na kichanga kwa kitabu, na hakuna andiko linaloniruhusu kuiandika bei hiyo.

Kwa hiyo unapoona jema limetoka katika baya, shukuru kwa jema hilo kwa jina lake, na uzuie ulimi usilitangaze kuwa ndiyo sababu ya yote. Tumia maneno “baada ya” na “katika” kabla ya kuthubutu “ili”. Yusufu mwenyewe alimwita mwanawe wa pili Efraimu, akisema kwamba Mungu amempa uzazi katika nchi ya mateso yake. Misri ilikuwa imempa cheo, mke, magari na pete ya Farao, na bado aliiita nchi ya mateso.

Kumbuka pia Paulo na ile dhiki yake aliyoiita mwiba katika mwili. Aliomba mara tatu uondolewe, na jibu alilopewa ni kwamba neema inamtosha. Mwiba ulibaki. Kuna dhiki ambazo jema lake halionekani kama mlango unaofunguka bali kama mtu anayeendelea kuwa mpole mwaka wa kumi wa ugonjwa usiopona, na jema hilo mara nyingi mgonjwa mwenyewe halioni. Wanaomuuguza ndio wanaoliona.

Ukiitwa kwenye dhiki ya mwenzako

Haya yote ni ya kujitumia mwenyewe. Ukienda msibani au kwa mtu aliyepatwa na hasara, usimpelekee Mwanzo 50:20. Hilo ni neno la Yusufu kulisema, wala halikuwa la ndugu zake wala la wageni wa Misri. Mpelekee unga, sukari na mkaa. Keti. Sema “pole sana” na uishie hapo. Ukiulizwa “kwa nini mimi?”, jibu kwamba hujui, kwa sababu ni kweli hujui, na kama anataka kusali, sali naye zaburi ya kuomboleza badala ya kumtafutia faida ya msiba wake. Osha vyombo kabla ya kuondoka, na umuulize mwenye nyumba kesho uje saa ngapi.

Hatua ya saba: fungua daftari mara moja kwa mwaka

Chagua siku isiyo na shughuli. Mimi huchagua moja kati ya Krismasi na mwaka mpya, mvua ikiwa imekatisha kazi za shamba. Soma safu ya kwanza na ya pili kuanzia mwanzo bila kuruka, hata kama maandishi yako ya siku za hasira yanakuaibisha, kisha uchukue penseli. Mahali ambapo jema limeonekana waziwazi, liandike kwa maneno machache. Mahali ambapo lililoandikwa mwaka jana limekuwa si kweli, lifute. Mahali ambapo huoni kitu, acha kama palivyo, na usijisikie kwamba umefeli mtihani.

Safu ya tatu ya mahindi yangu ina mistari minne sasa. Wa kwanza unataja mifuko ya kuhifadhia, na majirani 11 waliokuja kujifunza kuitumia. Wa pili ni mwalimu mkuu. Wa tatu nimeufuta na kuuandika mara mbili. Wa nne una jina la yule mama mjane, na mbele yake sikuandika kitu kingine.

Kurasa chache mbele kuna tarehe ya Machi, siku dada yangu alipofariki akiwa na miaka 34. Safu ya pili imejaa majina ya waliokuja, waliochimba kaburi na waliolala nasi matanga. Ya tatu ni nyeupe, na huu ni mwaka wa sita. Kila ninapofika hapo naweka penseli chini, nasoma majina yale yote kwa sauti, kisha nafunua ukurasa.